Kikombe cha Peke Yangu

Kama umeanza kusoma hapa kwa sababu ulilala na mtu, kisha ukasikia au ukaona jambo ambalo limekunyima usingizi, karibu, kaa. Dawa sina. Mimi ni fundi cherehani wa Arua, na mambo ya madaktari nawaachia wenyewe. Ninachokijua ni namna mtu anavyoweza kuishi katika nyumba iliyojaa watu akawa peke yake, na namna nilivyotoka humo. Nimengoja hadi mambo yalipotulia ndipo nikaandika, maana mtu aliye katikati ya hofu hujidanganya sana.

Mambo yangu yalianzia Koboko, kiangazi cha mwaka wa pili tangu Wahindi wafukuzwe nchini. Vitambaa vilikuwa adimu Arua, na duka nililokuwa nashonea barazani lilikuwa limepewa bwana mmoja asiyejua tofauti ya khaki na kaniki. Koboko, kwa kuwa mpaka uko karibu, vitambaa vilikuwa vinaingia kutoka Zaire na Sudani kwa njia ambazo hakuna aliyeuliza. Nikafunga cherehani yangu ya mkono nyuma ya baiskeli, nikaenda. Nilipata baraza karibu na mahali malori yanaposimama, nikawa nashona sare za askari na magauni ya harusi kutwa nzima.

Asha alikuwa anauza chai na gurusa, zile chapati nyepesi za Wanubi, karibu kabisa na baraza langu. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa askari, aliondoka na wenzake akaletwa amekufa. Asha hakuwa mtu wa kulialia. Siku ya kwanza alisimama akanitazama nikishona, akasema, "Wewe fundi, hii sare umekata ya mutu munene. Hapa Koboko munene iko moja tu, na yeye hapana kulipa." Nikacheka hadi nikajichoma sindano. Tangu siku hiyo chai yangu ilikuwa inakuja bila kuitwa.

Yaliyofuata sitayaeleza, mtu mzima anayajua. Tulikuwa wapweke wawili, na kiangazi cha Koboko ni kirefu. Nitasema tu kwamba sikuwahi kucheka vile na mwanamke, wala sijaona aibu kwa kumpenda.

Asubuhi moja, siku chache tu baada ya kuwa pamoja, nilimkuta amekaa upande kwenye kigoda chake. Nikamtania kwamba amezeeka. Hakucheka. Alisogeza birika, akasema kwa sauti ya chini, "Swaibu, ile kitu yangu imerudi. Inakuja, inaenda. Sasa wewe hapana kuja kwangu mpaka ipone."

"Kitu gani?"

"Malengelenge. Huku chini. Marehemu aliniachia." Akanimiminia chai. "Mimi nakuambia sababu wewe iko mutu muzuri."

Sikuweza kuinywa ile chai. Nilikitazama kikombe, nikaitazama midomo yake, nikaanza kuhesabu kila mahali tulipogusana. Siku hiyohiyo nilimuuliza dereva mmoja wa lori, kwa kuzungukazunguka, kana kwamba nauliza habari za rafiki. Naye, kwa ile sauti ya madereva wanaojua kila kitu, akasema ugonjwa huo hupita popote: kwa kikombe, kwa sahani, kwa karai la kuogea, hata kwa mkeka. Nikamwamini. Wiki haikuisha nikafunga cherehani kwenye baiskeli, nikarudi Arua. Nilimwambia Asha kwamba nyumbani kuna kazi. Alijua, akaniwekea gurusa za njiani.

Barabara ile ya mawe na vumbi jekundu ilinisaga kiti cha baiskeli mpaka nikashuka na kusukuma. Siku chache baada ya kufika nilishikwa na homa. Mapaja yaliuma, mitoki ikavimba kwenye kinena hata nikawa natembea miguu kando. Kisha nikaona vipele vichache vyenye maji, mahali ambapo kiti cha baiskeli kilikuwa kimenichuna. Kukojoa kuliniwasha hadi machozi. Vikapasuka, vikakauka, vikaondoka kabla sijapata moyo wa kumwonyesha mtu.

Hapo ndipo mateso yangu ya kweli yalipoanza, na hayakuwa ya mwili. Je, ulikuwa ule ugonjwa, au ulikuwa mchubuko wa baiskeli? Ningepewa jibu lolote kati ya hayo mawili ningelala. Nilikuwa na kioo kidogo cha wateja kujipimia kola. Nikaanza kujitazama nacho asubuhi, mchana na jioni, nyuma ya mlango uliofungwa. Kila kidoa nilikijua. Nikikumbuka mwaka ule, kitu cha kwanza kinachonijia ni kile kioo.

Niwaeleze nyumba yetu. Wazazi wetu walikufa nikiwa mdogo, nikalelewa na kaka yangu Rajabu pale Awindiri, mtaa wa Arua. Rajabu ni dereva wa lori, nyumbani anakaa siku mbili, barabarani wiki mbili, kwa hiyo ukitaka ukweli nililelewa na mkewe. Jina lake Halima, ila tunamwita Mama Zainabu, kwa binti yao wa kwanza. Aliolewa kutoka Omugo mimi nikiwa sijaota hata jino la mbele vizuri, akaniogesha, akanipiga, akanitetea kwa mwalimu wa Kurani. Kwa watu wa mtaa alikuwa bado mgeni, "yule wa Omugo", pamoja na watoto aliowazalia Awindiri.

Nilipopata nafuu ya ile homa niliwatazama watoto wake wakinyang'anyana kikombe changu cha chai, nikaogopa. Nikaenda sokoni nikanunua kikombe cha bati cha bluu, sahani ya bati na kijiko. Nikanunua na karai. Nikavifungia sandukuni mwangu, na tangu siku hiyo nikawa nabeba chakula changu na kula chumbani.

Kama wewe si mtu wa kwetu utaona nilifanya jambo la usafi. Kwetu si usafi, ni mashtaka. Kwetu watu hula kutoka sinia moja, na anayekukaribisha maji huonja kwanza mbele yako, kisha hukupa. Hata mke kwa mumewe. Sumu ni jambo ambalo watu wa West Nile hulisema kwa sauti ya chini, na kila kifo cha ghafla hutafutiwa jiko. Mtu akianza kula kwa chombo chake mwenyewe, watu hawamtazami yeye, wanamtazama anayempikia. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini hofu ilikuwa imejaa kichwani mwangu, hapakuwa na nafasi ya kukumbuka kitu kingine.

Mvua za kwanza zilipoanza nilikwenda kwenye zahanati moja. Benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto wenye surua, na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu. Karani alikuwa na desturi ya kuuliza ugonjwa kwa sauti ambayo hata wapita njia wanaisikia.

"Wewe! Iko nagonjwa nini?"

Wanawake wote wakageuka. Mmoja wao alikuwa mteja wangu.

"Kichwa," nikasema.

Nikapewa aspirini. Nikaenda tena mara nyingine, nikiwa nimekula kiapo njiani kwamba leo nasema, nikafika nikasema tumbo. Nikapewa dawa ya minyoo. Nadhani katika Arua nzima hapakuwa na kijana aliyekuwa hana minyoo na hana maumivu ya kichwa kama mimi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nauficha hata mbele ya yule aliyelipwa kuutazama.

Nilipochoka na benchi nilimwendea jamaa mmoja aliyekuwa anachoma watu sindano nyumbani kwake nyuma ya soko. Yeye hakuuliza kitu, na hiyo ndiyo sababu watu walimpenda. Alinichoma penisilini kwenye tako, siku baada ya siku, akinihakikishia kwamba nitakuwa mpya. Nilikuwa nashona nikikalia tako moja, nimekunja kitambaa cha sufu chini yangu. Kitu ambacho sindano zile zilinipa ni maumivu ya kukaa na kitu kingine cha kuwaficha watu wa nyumbani.

Nikakonda. Suruali nilizojishonea mwenyewe nikawa nazipunguza kiuno, mara ya kwanza, mara ya pili. Rafiki zangu walinialika kwenye harusi, nikawa na kazi. Walinitajia msichana wa jirani, nikasema bado. Nikiona kumbikumbi wanaruka jioni na watoto wanawakimbilia na makarai, ile furaha ilikuwa inanipita pembeni, hainigusi. Nilikuwa natamani kukaa tu na mtu mmoja nimwambie: naogopa. Mtu wa kumwambia alikuwa hatua chache uani, anapepeta mtama, na sikuweza.

Yeye aliona kila kitu, kasoro sababu. Kila asubuhi alikuwa ananiwekea maji ya moto nyuma ya nyumba, katika karai lake kubwa. Nilikuwa nayaacha yapoe. Sikutaka kuligusa karai ambalo watoto wanaogea. Alikuwa anakuja anayakuta, anayamwaga kwenye mchicha, kesho yake anaweka mengine.

Kisha likaja jambo la sahani. Jioni moja nilikwenda jikoni na sahani yangu ya bati. Akanipakulia ugali wa muhogo na mtama, akanipakulia kunde zilizoungwa kwa simsim. Kabla hajanipa alimega tonge kutoka sahani hiyohiyo, akalichovya, akala akinitazama usoni. Mimi, mjinga, sikuelewa kwamba alikuwa ananiapia. Nilichokiona ni vidole vyake kwenye sahani yangu, kisha mdomoni mwake.

"Usiguse sahani yangu!" Nilipiga kelele. Nilikuwa sijawahi kumpigia kelele yule mama maishani. "Usiguse kabisa!"

Akabaki na mkono hewani. Ng'ambo ya ua wa matete, Haboba Kaltumu, bibi wa jirani, aliacha kutwanga. Nikasikia kinu kimenyamaza. Nikachukua sahani nikaenda chumbani, na huko sikula. Nilikaa kitandani nikilia kwa sababu, kwa akili yangu ya wakati ule, nilikuwa nimemwambukiza.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia katika mvua kubwa. Wale wasiojua Ramadhani ya mtaani kwetu, ni hivi: jua likizama wanaume hukaa mikekani mbele ya nyumba, kila nyumba hutoa sinia, na mpita njia yeyote hukalishwa. Wanawake hupelekeana vyakula vilivyofunikwa kwa tabaka, zile kawa za rangi wanazosuka wenyewe. Hakuna mwezi ambao mtu anayekula peke yake huonekana zaidi. Mimi nilifungua swaumu chumbani, kwa maji ya kikombe changu cha bluu, nikisikiliza vicheko vya watu na mvua kwenye bati. Hata kama hukuwahi kuugua, kaa hivyo mwezi mmoja, utaugua.

Nilianza kuona kwamba vyombo vya Mama Zainabu vinarudi vimejaa. Anapeleka uji na tambi kwa majirani, baada ya muda mtoto anarudisha bakuli, tabaka halijasogezwa. Yeye alikuwa anachukua, anawamwagia kuku. Niliona, nikafikiri labda watu mwaka huo wameshiba. Mgonjwa wa hofu haoni zaidi ya pua yake, na hilo nalisema bila kujisamehe sana.

Siku za mwisho za mfungo ile homa ikarudi. Mapaja yakauma vilevile, mitoki vilevile, na safari hii sikuwa nimepanda baiskeli. Vilipotokea vile vipele vyenye maji, mahali palepale, nilihisi kitu cha ajabu ambacho huenda wewe msomaji utakielewa: nilifurahi. Nikavaa, nikaenda kabla havijapasuka. Nilikwenda kwenye zahanati nyingine, upande wa Arua Hill, ambako hakuna anayenijua, na karani alipouliza nilimwambia wazi: "Sehemu za siri." Hakuna aliyegeuka. Mzee aliyekuwa karibu yangu alisogea kidogo anipishe nikae kwa raha.

Daktari alikuwa mtu mfupi aliyechoka, mwenye mafua. Akanitazama kwa muda ambao niliuona mrefu mno.

"Inauma?"

"Inauma."

"Ni malengelenge. Ulishapata mbele?"

"Kiangazi."

"Basi yamerudi. Yatarudi tena, halafu yatakuwa yanapungua nguvu. Dawa ya kuyamaliza mimi sina, na mutu akikuambia iko nayo, iko naongopa. Osha na maji ya chumvi, kaa kavu. Yakiwa nje, hapana lala na mutu. Ukitaka kuoa, ambia huyo mwanamuke mbele." Akapenga kamasi. "Hii haiui. Shida yako nyingine?"

Nikamuuliza lile swali ambalo lilikuwa limenitenga tangu kiangazi. "Kikombe?"

"Kikombe kimefanya nini?"

"Yanapita kwa kikombe? Kwa sahani? Kwa karai?"

Akaniangalia, safari hii usoni. "Haya ya kwako huko chini? Hapana. Kula na watu wako, bwana. Umekonda."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua ndogo. Nilikuwa nimethibitishiwa ugonjwa usioisha, na nilikuwa mwepesi. Njia nzima ya kurudi Awindiri nilikuwa nawaza kwamba siku ya Idi nitakaa mkekani na watu, nitakula hadi nivimbe. Nilikuwa nimejifikiria mimi tu.

Rajabu alikuwa amerudi safari. Lori lake lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, naye amekaa kwenye ngazi ya lori badala ya ndani ya nyumba yake. Aliniita nikae.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi nimesikia barabarani, hata sijafika nyumbani. Nimesikia Koboko, nimesikia mahali ya kununua mafuta. Watu wote wanajua, mimi tu sijui. Huyu mwanamuke alikupa nini?"

"Mwanamke gani?" Nilidhani amesikia habari za Asha.

"Mama Zainabu. Alikutilia nini kwa chakula?"

Sikuweza kujibu. Maneno hayakuja, kwa mshangao tu. Naye akauchukua ule ukimya kuwa jibu, kama mtaa wote ulivyouchukua.

"Umekonda. Unakula na sahani yako. Haboba Kaltumu alisikia kwa masikio yake ulikataa mkono wa mke wangu. Watu hawali chakula cha nyumba yangu, Swaibu." Akautazama mlango wa nyumba yake. "Idi ikipita wazee watakaa hapa. Arudi kwao Omugo. Watoto watabaki. Mimi nampenda, lakini wewe iko damu yangu."

Nilimwambia, "Kaka, si hivyo." Akainua mkono. Akasema nisimtetee kwa huruma, nitayasema mbele ya wazee. Nikaingia uani. Mama Zainabu alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lake la mabati, anakunja nguo. Alikuwa amezikunja vizuri sana, pindo kwa pindo, namna aliyonifundisha mimi kabla sijajua cherehani ni nini. Nilitamka jina lake. Hakugeuka. Akasema, "Maji yako ya moto iko nyuma," akaendelea kukunja.

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Nikatia chumvi katika yale maji, nikajiosha kwa karai lake kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Yaliniunguza kisha yakanituliza. Nilikaa pale nikijua nini natakiwa kufanya, na kila kiungo changu kikikataa. Kufa kungekuwa rahisi kuliko kusimama mbele ya wazee wa msikiti na kusema neno lile. Nilifikiria hata kutoroka. Lakini nikikimbia ningekuwa nimempigia muhuri yule mama.

Wazee walikaa siku tatu baada ya Idi, mkekani, mbele ya nyumba. Mzee Abdalla, mumewe Haboba Kaltumu, askari wa zamani wa Mwingereza, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Wanawake walisimama upande wa ua. Mama Zainabu alikaa chini karibu na mlango, mtandio hadi kwenye nyusi. Kwa desturi nyumba lazima itoe sinia, naye alikuwa amepika. Sinia lilikuwa katikati, ugali unafuka mvuke, nyama ya mbuzi, na hakuna mkono ulionyooshwa.

Mzee Abdalla alianza kuzungumza kwa kuzunguka. Nikamkatiza, jambo ambalo kijana hafanyi. Nikanawa mikono, nikakaa, nikamega tonge kubwa nikala. Nikamega jingine.

"Swaibu," Rajabu akasema, "eleza."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa, nikameza kwanza. "Mama Zainabu hakunipa kitu chochote isipokuwa chakula. Mimi ni mgonjwa. Nilipata malengelenge sehemu za siri, Koboko, kwa mambo yangu mwenyewe. Niliogopa kuwaambukiza watoto. Kikombe kile nilikitenga kwa kuwaogopea ninyi. Sikumwogopa yeye."

Kisha nikaona jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa na kuliota kwa miezi: wazee waliokuwa karibu yangu wakarudi nyuma kidogo, mmoja akavuta kanzu yake isiguse mkeka. Sinia likabaki mbele yangu, na mkono mmoja tu ndani yake, mkono wangu. Nilisema kwamba daktari amesema haipiti kwa chakula. Nilisema mara mbili. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Mama Zainabu akainuka pale mlangoni. Kwetu mwanamke hali na wanaume mkekani, sembuse mbele ya wazee, sembuse siku anayoshtakiwa. Alipita katikati yao, akanawa mikono kwa birika bila haraka, akakaa chini ubavuni pangu. Akatia mkono ndani ya sinia, palepale nilipokuwa nimemega, akamega, akala. Akamega tena. Tulikula hivyo, yeye na mimi, bila kutazamana, na machozi yalikuwa yananidondokea kwenye mkono. Sijui kama yeye alilia, mtandio ulikuwa umemfunika.

Mzee Abdalla akakohoa. "Malengelenge," akasema. "Kwa jeshi, kambi yote ilikuwa nayo. Kama inapita kwa sinia, mimi ningekufa zamani sana." Kutoka upande wa wanawake Haboba Kaltumu akasema, "Abdalla! Wewe umesema nini?" Wazee wakaanza kucheka, wakajizuia, wakashindwa. Mzee akanawa, akatia mkono. Wa pili akawa Rajabu. Yule aliyevuta kanzu hakula, akasema amefunga zile sita za baada ya Idi, na huo ndio ulikuwa mwisho wa kesi.

Usidhani mambo yalikuwa matamu hapohapo. Mama Zainabu hakunisemesha kwa muda mrefu. Siku alipofungua kinywa alisema, "Mimi nilikuosha wewe uchi. Ungeniambia mimi." Akaongeza kwamba kwa miezi yote ile alikuwa anaonja kila chungu mara mbili, akiogopa labda kweli kuna mtu anamtilia kitu jikoni. Kumbe naye alikuwa peke yake, upande wa pili wa ukuta. Rajabu alimwomba radhi kwa kitenge cha Zaire. Mimi nilikishona bure, nikamwomba radhi kwa mdomo.

Malengelenge yalirudi, kama yule daktari alivyosema. Yalirudi kiangazi, yakarudi mvua za mwaka uliofuata, kila mara hafifu zaidi. Nikishikwa, namwambia Mama Zainabu nipatie chumvi, yeye anajua. Nilirudi Koboko kumtafuta Asha nimwambie kwamba alinitendea haki kuliko nilivyomtendea. Mahali pake palikuwa na mwanamke mwingine, ambaye alisema Asha alivuka kwenda kwa kaka yake, hajui upande gani. Nilikunywa chai pale hadi ikaisha. Baadaye nilipotaka kuoa nilimwambia binti yule mapema, barazani kwangu, cherehani ikiwa kati yetu. Aliondoka bila kujibu, nami nikajua ni basi. Siku nyingi baadaye alirudi, akaniuliza kama gauni lake limekwisha.

Kile kikombe cha bluu kikawa cha nyumba. Mama Zainabu alikipenda kwa kunitesa. Kila akinipa maji kwacho, mbele ya wageni, hupiga funda kwanza kwa madaha, anafuta mdomo, anasema, "Nimeonja, mheshimiwa. Sumu hakuna." Na mimi lazima nicheke, hata mara ya mia.

Mwaka 1979 vita vilipofika tuliondoka Awindiri kwa miguu, kwa njia ya Koboko, na watu wengine wote. Lori la Rajabu lilikuwa limechukuliwa. Kila mtu alibeba alichoshika, na watu wenye hofu hushika vitu vya ajabu: mimi nilishika mkasi, mke wangu, yule wa gauni, alishika pasi. Tulipita penye malori, pale Asha alipokuwa anauza chai. Palikuwa patupu.

Karibu na mpaka kulikuwa na kijito. Watoto walikuwa wanalia kiu, na hapakuwa na chombo. Mama Zainabu akafungua kanga kiunoni, akatoa kikombe cha bluu, kimebonyea, rangi imebanduka ukingoni. Ndicho tu alichochukua. Akateka, akawapa watoto mmoja mmoja, akampa mke wangu, akampa mumewe, wakanywa wageni ambao hatukuwajua, kikombe kinakwenda na kurudi. Mimi nilikuwa wa mwisho. Aliteka tena, akakiinua, akapiga funda. Safari hii hakufanya madaha.

"Nimeonja," akasema. "Kunywa."